Bombo: Kambi Iliyogeuka Kuwa Kwao

Bombo ni mji mdogo wa Uganda, ulioko kilomita zipatazo 37 kaskazini mwa Kampala, katika wilaya ya Luweero. Mji huo unafahamika kwa mambo mawili: kambi kubwa ya jeshi, na jamii ya Wanubi, Waislamu wanaozungumza Kinubi na Kiswahili katikati ya nchi ya Baganda. Kwa asili mambo hayo mawili ni jambo moja. Kambi ndiyo iliyowaleta watu. Serikali zilipobadilika na askari wakahamishwa, watu wakabaki. Historia ya Bombo ni historia ya jamii iliyofika mahali kwa amri, kisha ikalazimika kuthibitisha, kizazi baada ya kizazi, kwamba mahali hapo ni kwao.

Mahali ulipo

Msafiri anayetoka Bukoto, kitongoji cha tarafa ya Nakawa jijini Kampala, hupanda hadi Kisaasi, akaingia barabara ya mchepuko wa kaskazini na kuelekea magharibi, akapita Kalerwe na kufika Bwaise. Hapo hukutana na barabara inayotoka Wandegeya kwenda kaskazini. Baada ya Kawempe hufuata Maganjo, Kagoma, Kawanda na Matugga. Nyumba za jiji hupungua, mashamba huanza kuonekana, na hatimaye Bombo hujitokeza pande zote mbili za barabara.

Barabara hiyo haiishii Bombo. Inapita Wobulenzi, Luweero na Nakasongola, inavuka Mto Nile kwenye daraja la Karuma, inafika Gulu na kuendelea hadi mpaka wa Sudan Kusini. Hata hivyo wakazi wa Kampala bado huiita barabara ya Bombo. Jina hilo ni kumbukumbu ya uzito ambao mji huo mdogo ulikuwa nao katika siku ambazo jeshi la mkoloni lilikuwa na makao yake huko.

Tofauti kati ya Bukoto na Bombo ni ya asili kabisa. Bukoto ilikua kwa sababu jiji lilipanuka na kuifikia. Bombo haikufikiwa na jiji lolote wala haikuanza kama soko au makao ya mtemi; ilichaguliwa kwa ajili ya bunduki, na nyumba za raia zikajengwa kando ya mabweni ya askari.

Mji uko karibu nusu digrii kaskazini mwa Ikweta, katika uwanda wenye kimo cha takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Kama ilivyo sehemu kubwa ya Buganda, ardhi yake ni ya vilima vifupi vyenye udongo mwekundu, na kati ya kilima na kilima kuna mabonde yenye vinamasi na mafunjo. Ingawa Ziwa Viktoria haliko mbali upande wa kusini, maji ya upande huu hayateremki ziwani. Vijito vyake huelekea kaskazini, kwenye mto Kafu na Ziwa Kyoga. Mvua hunyesha kwa misimu miwili, kuanzia Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba hadi Novemba. Mvua hizo hutosha kwa migomba, kahawa, mihogo, mahindi na maharage. Wilaya ya Luweero inasifika pia kwa mananasi, yanayopangwa kwa mafungu kando ya barabara kuu.

Utawala na wakazi

Kwa mgawanyo wa serikali, Bombo ni halmashauri ya mji iliyo katika kaunti ya Katikamu, kusini mwa wilaya ya Luweero. Kwa mgawanyo wa ufalme wa Buganda, nchi hiyo ni sehemu ya Bulemeezi, ambayo mkuu wake huitwa Kangaawo. Luweero ya leo ni ndogo kuliko ile ya zamani, kwani Nakasongola ilitengwa kuwa wilaya mwaka 1997 na Nakaseke mwaka 2005. Sensa ya mwaka 2014 ilihesabu watu 456,958 katika wilaya yote, na katika mji wa Bombo zaidi ya watu 20,000.

Wakazi hao si wa kabila moja. Baganda ndio wengi katika vijiji vinavyouzunguka mji na wana mashamba ya tangu jadi. Wanubi wamejikusanya mjini, karibu na misikiti. Kambi ya jeshi nayo huleta askari na familia zao kutoka kila pembe ya Uganda: Acholi, Wateso, Walugbara, Wanyankole, Basoga na wengineo. Wanafunzi huongezeka pia katika eneo hilo, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Ndejje, kilichoanzishwa mwaka 1992, kina kampasi yake kuu karibu na Bombo. Kwa hiyo dukani na kwenye kituo cha taksi husikika Kiganda, Kinubi, Kiswahili na Kiingereza kwa zamu, mara nyingi kutoka kinywa cha mtu mmoja.

Wanubi ni nani

Jina “Wanubi” huwachanganya wasomaji wengi. Wanubi wa Uganda si Wanubia wa kale waliojenga piramidi kwenye kingo za Nile, kaskazini mwa Sudan. Wao ni wazao wa askari waliotumikia serikali ya Misri katika jimbo la Ikwatoria, yaani kusini mwa Sudan ya zamani na kaskazini mwa Uganda ya leo. Askari hao walitoka katika makabila mengi: Bari, Kakwa, Makaraka, Dinka, Shilluk, Lugbara, Alur, Lendu na mengineyo. Baadhi waliandikishwa, wengi walitekwa wangali vijana. Kilichowaunganisha hakikuwa damu. Walishirikiana Uislamu, lugha ya Kiarabu cha kambini, na kazi ya kubeba silaha.

Mwaka 1878 jimbo hilo lilipata gavana mpya, tabibu Mjerumani Eduard Schnitzer, aliyejulikana kwa jina la Emin Pasha. Miaka mitatu baadaye Muhammad Ahmad, aliyejitangaza kuwa Mahdi, alianzisha vita dhidi ya utawala wa Misri nchini Sudan. Khartoum ilipoanguka Januari 1885, Emin na askari wake walikatwa kabisa na serikali iliyowalipa mishahara. Walirudi nyuma kuelekea kusini na kupiga kambi Wadelai, kwenye Nile ndani ya Uganda ya leo.

Msafara wa Henry Morton Stanley ulikuja kumwokoa Emin, na mwaka 1889 ukaondoka naye kwenda Bagamoyo. Lakini sehemu kubwa ya askari haikuondoka. Walibaki chini ya ofisa wao, Selim Bey, huko Kavalli, magharibi mwa Ziwa Albert. Hawakuwa na mshahara wala baruti ya kutosha, na bado walijihesabu kuwa askari wa Khedivi wa Misri.

Huko ndiko alikowakuta Kapteni Frederick Lugard mwaka 1891. Lugard alikuwa mtumishi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, na alihitaji askari wa kuishikilia Buganda, iliyokuwa imegawanyika kati ya Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu. Selim Bey alikubali kwa sharti kwamba Khedivi atoe idhini. Kilichoondoka Kavalli hakikuwa kikosi tu, bali jamii nzima: mamia ya askari, pamoja na maelfu ya wake, watoto, jamaa na watumishi. Wengi waliwekwa katika ngome za mpakani mwa Toro na Bunyoro, na baadaye wakatawanywa katika vituo mbalimbali. Ndiyo sababu hadi leo kuna makazi ya Wanubi Hoima, Masindi, Entebbe, Jinja, Gulu na Arua. Kila mahali palipokuwa na ngome palibaki mtaa.

Mwaka 1893, mzozo wa Waislamu na wakuu wengine wa Buganda ulipopamba moto, Waingereza walimshuku Selim Bey kwamba anawaunga mkono Waislamu wenzake. Alikamatwa na kusafirishwa kuelekea pwani, lakini akafariki njiani, huko Naivasha. Mwaka uliofuata Uganda ilitangazwa kuwa nchi ya himaya ya Uingereza, na askari wake wakawa nguzo ya utawala huo mpya.

Uasi wa mwaka 1897

Askari hao walitumikia sana na kulipwa kidogo. Walipigana Bunyoro dhidi ya Omukama Kabalega, wakahamishwa huku na huko, na mishahara yao, ambayo ilikuwa midogo, ilicheleweshwa na mara nyingine kulipwa kwa nguo. Mwaka 1897 waliamriwa kuandamana na Meja Macdonald katika safari ndefu ya kaskazini, bila kuambiwa wazi waendako na bila ruhusa ya kwenda na wake zao. Kwa jeshi ambalo familia ndiyo iliyopika, iliyobeba mizigo na iliyouguza majeruhi, amri hiyo ilikuwa kama kuvunja nyumba.

Walipofika Eldama Ravine, katika Kenya ya leo, baadhi waliacha msafara na kurudi Uganda. Oktoba mwaka huo waliiteka ngome ya Luba, huko Busoga, na kumwua Meja Thruston pamoja na Wazungu wengine wawili. Mapigano yaliendelea kwa miezi kadhaa. Serikali ilitumia askari wa Kihindi, Waswahili na Baganda kuwazingira, na miongoni mwa waliouawa upande wa serikali alikuwamo George Pilkington, mfasiri wa Biblia ya Kiganda. Mwaka 1898 uasi ulikuwa umevunjwa.

Matokeo yake yalikuwa ya kudumu. Serikali ilijifunza kwamba haiwezi kuwategemea Wasudani peke yao, ikaanza kuandikisha askari kutoka makabila mengine. Lakini pia haikuweza kuishi bila wao. Wale ambao hawakuasi walibaki kazini, na wana wao wakafuata nyayo za baba zao.

Keya na kuzaliwa kwa mji

Tarehe 1 Januari 1902 vikosi vya Kiingereza vya Afrika Mashariki na Nyasaland viliunganishwa kuwa jeshi moja, King's African Rifles, ambalo wananchi waliliita Keya. Askari Waafrika wa Uganda waliunda batalioni ya 4. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 makao ya batalioni hiyo yaliwekwa Bombo, mahali palipo juu, karibu vya kutosha na Kampala na Entebbe kwa dharura, lakini mbali vya kutosha ili askari wasichanganyike na siasa za mji mkuu.

Mji ulikua kwa mpango wa kijeshi. Ndani ya uzio waliishi askari wa zamu. Nje ya uzio walijenga wastaafu, wajane na watoto, wakilima vishamba vidogo na kuuza chakula kwa wenzao walio kazini. Mvulana aliyezaliwa nje ya uzio alitarajiwa kuingia ndani afikapo umri. Msichana alitarajiwa kuolewa na askari. Kati ya hao wa nje na wa ndani palikuwa na msikiti, chuo cha Kurani na soko.

Bombo ilipeleka watu wake vitani mara mbili katika nusu ya kwanza ya karne hiyo. Katika Vita Kuu ya Kwanza batalioni ya 4 ilipigana na Wajerumani katika Tanganyika ya leo, na katika Vita Kuu ya Pili ilifika Abisinia na Burma. Baadaye kambi kuu ya batalioni ilihamishiwa Jinja. Mabweni yaliweza kuhamishwa kwa barua moja ya gavana, lakini misikiti, makaburi na miembe havikuhamishika.

Ardhi isiyo na mwenyewe

Hapo ndipo swali la Bombo lilipoanza kuuma. Mkataba wa mwaka 1900 kati ya Uingereza na Buganda uliigawa ardhi ya ufalme huo kwa maili za mraba, na kutokana na hilo ukapatikana mfumo unaoitwa mailo. Kabaka, familia yake, machifu na watu wengine mashuhuri walipata sehemu yao, na sehemu iliyobaki ikawa ya taji la Uingereza. Wanubi hawakuwa upande wowote wa mkataba huo. Hawakuwa wakulima wa chifu fulani, wala hawakuwa na nchi ya mababu ndani ya Uganda ambayo wangeweza kuidai. Walikaa kwa idhini ya jeshi.

Maadamu walikuwa askari, idhini ilitosha. Alipostaafu, Mnubi alibaki na nyumba aliyoijenga juu ya ardhi ambayo hati yake haikuwa na jina lake. Serikali ya kikoloni ilimwona kama mgeni kutoka Sudan. Lakini Sudan aliyotoka babu yake haikuwa na kijiji kinachomjua, kwa kuwa babu huyo mara nyingi alitekwa akiwa mtoto. Baganda jirani walimwona kama mtu wa serikali. Kwa hiyo, kila ulipozuka mjadala juu ya mipaka ya mji, swali la ekari liligeuka mara moja kuwa swali la asili.

Hali ya ndugu zao wa Kenya ilikuwa mfano wa karibu. Askari Wasudani wa Nairobi walipewa mahali pa kukaa kwenye msitu wa nje ya mji mwanzoni mwa karne ya 20, wakapaita Kibra, neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Nairobi ilipokua, wageni wakajaa, na Kibera ikawa mtaa unaotajwa duniani kote kwa msongamano wake. Wanubi wa huko waligeuka wachache katika makazi waliyoyafungua wao wenyewe.

Miaka ya Amin na uhamisho

Januari 25, 1971, Jenerali Idi Amin alipindua serikali ya Milton Obote. Amin, aliyejiunga na Keya mwaka 1946, alikuwa Mwislamu mwenye asili ya Kakwa, mojawapo ya makabila yaliyowazaa Wanubi. Chini ya utawala wake Wanubi wengi walipanda vyeo jeshini, serikalini na katika biashara, hasa baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972. Kuwa Mnubi kuligeuka kuwa fursa, na watu wenye asili nyingine wakaanza kujiita Wanubi. Mlango ambao jamii hiyo ilikuwa imeuacha wazi tangu Ikwatoria, wa kumpokea kila aliyekubali dini, lugha na mavazi yao, uliingiza wengi kwa muda mfupi.

Bei ya fursa hiyo ililipwa mwaka 1979. Majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliingia Kampala tarehe 11 Aprili, kisha wakaendelea kaskazini kupitia Bombo. Makosa ya utawala yakawekwa juu ya kabila zima. Mwanamke aliyeuza maandazi na afisa wa usalama wa taifa walihesabiwa sawa. Familia nyingi zilikimbilia Kenya, Sudan na Zaire, na waliobaki walijifunza kulificha jina la Mnubi. Waliofika Sudan waligundua kwamba huko pia walikuwa wageni: watu waliowaita Wasudani Uganda, wakaitwa Waganda Sudan.

Kabla jeraha hilo halijapona, vita vingine vilianza. Februari 6, 1981, kundi la Yoweri Museveni lilishambulia kambi ya Kabamba, na eneo linalojulikana kama Pembetatu ya Luweero likawa uwanja wa mapigano hadi Januari 1986. Bombo ilikuwa kambi ya jeshi la serikali, na vijiji vya jirani vilikuwa maficho ya waasi. Maelfu ya raia waliuawa au kuhamishwa, mashamba ya kahawa yakarudi kuwa vichaka. Kumbukumbu ya vita hivyo imeandikwa zaidi kwa upande wa wakulima wa Bulemeezi walioteseka, na ni haki iandikwe hivyo. Mji wa Bombo una majeraha mawili yaliyofuatana, la mwaka 1979 na la miaka ya vita vya msituni.

Baada ya 1986 wakimbizi walianza kurudi. Bombo iliendelea kuwa mji wa jeshi: kwa miaka mingi makao makuu ya jeshi la taifa yalikuwa hapo kabla ya kuhamishiwa Mbuya, jijini Kampala, na hadi leo ni makao ya jeshi la nchi kavu la UPDF na hospitali yake.

Lugha mbili za kambini

Kinubi ni lugha iliyozaliwa kwenye kambi za Ikwatoria. Msamiati wake mwingi ni wa Kiarabu, lakini sarufi yake imerahisishwa na kujengwa upya na watu ambao Kiarabu hakikuwa lugha ya mama zao. Jamaa yake wa karibu ni Kiarabu cha Juba, kinachozungumzwa Sudan Kusini. Mnubi husema “ana” kwa maana ya mimi na “ita” kwa maana ya wewe. Maji huyaita “moyo”, na hapo Mswahili anayesikia kwa mara ya kwanza kwamba mwenzake ana kiu ya moyo hushangaa kidogo. Baada ya zaidi ya miaka mia moja Afrika Mashariki, Kinubi kimechukua pia maneno mengi kutoka Kiswahili.

Kiswahili chenyewe kiliingia Bombo kupitia jeshi. Keya ilikusanya watu wa makabila mengi, na taratibu Kiswahili kikachukua nafasi ya Kiarabu cha Kisudani katika amri na mafunzo. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika elimu na utawala wa Uganda. Kabaka Daudi Chwa na viongozi wa makanisa walipinga, wakiona kwamba Kiganda kitasukumwa pembeni na ufalme utadhoofika. Pendekezo hilo halikufanikiwa, na Kiswahili kikabaki lugha ya askari, polisi, wafanyakazi wahamiaji na Waislamu wa mijini.

Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini wananchi wengi walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Hivyo kikabeba lawama isiyo yake. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kitumike rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Kwa watoto wengi nchini somo hilo litakuwa jambo jipya. Kwa mtoto wa Bombo litakuwa lugha anayoisikia sokoni, msikitini na langoni mwa kambi.

Kazi na mila

Maisha ya Bombo hutegemea biashara ndogo, kilimo cha vishamba, mishahara ya jeshi na safari za kila siku kwenda Kampala. Lakini kitu kinachoutambulisha mji huo zaidi ni ufumaji wa wanawake wa Kinubi. Kwa majani makavu na nyuzi zilizotiwa rangi kali, nyekundu, kijani, njano na zambarau, hufuma sinia na vifuniko vya chakula vinavyoitwa “tabaga”. Mtu wa pwani ataona humo jamaa wa kawa lake, ingawa rangi na mpangilio ni wa Kinubi kabisa. Zamani kila bibi arusi aliandaliwa tabaga za kwenda nazo kwa mumewe. Siku hizi huuzwa pia katika maduka ya sanaa ya Kampala.

Katika harusi wanawake huvaa “gurbaba”, nguo ya kuzungushia kiunoni yenye tarizi, na huchezwa “doluka”, ngoma ambayo nyimbo zake husifu, hukumbuka na mara nyingine hukejeli. Kwa kuwa jamii hii haina kilima cha mababu wala kaburi la mfalme wa kwanza, kumbukumbu yake imehifadhiwa katika vitu vinavyobebeka: wimbo, nguo, chakula na kapu.

Kwao kwa sheria

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ilitoa jibu la swali moja kati ya mawili yaliyowasumbua Wanubi. Kifungu cha 10 kinasema kwamba raia wa kuzaliwa ni mtu aliyezaliwa Uganda, ambaye mmoja wa wazazi au wa mababu zake ni wa jamii zilizokuwa zikiishi ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Februari 1926. Jamii hizo zimeorodheshwa katika Jedwali la Tatu la Katiba, na Wanubi wametajwa humo. Kwa mstari huo mmoja, mtu ambaye babu yake aliitwa Msudani katika daftari la Keya alitambuliwa kuwa mwenyeji wa Uganda.

Nchini Kenya njia ilikuwa ndefu zaidi. Machi 2011 Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi kwa kuwawekea vikwazo katika kupata uraia. Juni 2017 serikali ya nchi hiyo iliwakabidhi Wanubi wa Kibera hati ya pamoja ya ekari 288. Kwa hiyo jamii mbili zenye babu mmoja zimepata vitu viwili tofauti: wale wa Uganda walipata kwanza jina katika Katiba, wale wa Kenya wakapata hati ya ardhi yao ya pamoja.

Kwa Bombo, swali la pili bado liko wazi. Katiba inasema ardhi ya Uganda ni ya raia wake, na inatambua aina nne za umiliki: wa kimila, wa kudumu, wa mailo na wa kukodi. Umiliki wa kimila unadai mila ya mahali, na mailo unadai urithi wa mkataba wa mwaka 1900. Mnubi wa Bombo hakurithi kimojawapo. Mji unabanwa upande mmoja na kambi na upande mwingine na mashamba ya watu, huku jiji la Kampala likipanuka kila mwaka kuelekea kaskazini na kupandisha bei ya kila kiwanja kando ya barabara.

Wazee wa Kinubi wanapoulizwa kwao ni wapi, hawataji tena Wadelai wala Kavalli. Hutaja Bombo. Uraia wao umeandikwa katika Katiba. Kilichobaki ni kwamba nyumba walizozaliwa nazo ziandikwe katika ofisi ya ardhi.